Michoro ya kuta za Tanga inafutika kila siku, sisi wachoraji tunaiwekaje kumbukumbu?

Brashi_Makorora

Wakuu asalaam aleikum na habari za jioni kwa wote, nina jambo linanikaa rohoni muda sasa naomba tulijadili. Mimi ni mchoraji hapa Tanga mjini, nachora kuta za shule za chekechea, vibao vya saluni, maduka, siku nyingine napata kazi ya kanvasi ila riziki yangu kubwa iko ukutani. Sasa ukipita Ngamiani kuanzia zile barabara za mwanzo ukapanda nazo mpaka za kumi na kitu utaona wenyewe kuta zinavyobadilika, saluni iliyokuwa na vichwa vya mitindo ya nywele imepigwa nyeupe, duka lililokuwa na simba limepakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia chini mpaka juu, pale kwa mama ntilie palipokuwa na samaki changu na sahani ya wali pana bango la fleksi lililochapwa mashineni, na picha yenyewe imetolewa mtandaoni chakula hata si cha kwetu.

Sisemi kila ukuta ubaki ulivyo, ukuta ni mali ya mwenyewe akitaka kupaka upya apake. Kinachoniuma ni kwamba ikishafutwa ndio basi, hakuna aliyeandika nani alichora, lini, kwa nini alichora simba na si chui. Wengi waliochora hizo kuta ni watu wazima sasa na wengine wameshatangulia mbele za haki.

Naona vijana wanapiga picha na kuposti, hilo jema, lakini swali langu ni hili, sisi wenye brashi tunaweza kufanya nini cha ziada ambacho mpiga picha peke yake hawezi? Na tuanzie wapi bila kuwa na bajeti? Naombeni mawazo ya watu waliofanya, au hata wanaofikiria tu.

Binti_Raskazone

Kaka Brashi hongera kwa kuleta huu uzi. Mimi ni mpiga picha, harusi na vitambulisho ndio vinanilisha, lakini nimekuwa nikipiga kuta za huu mji kwa mapenzi yangu. Naanza na upande wangu wa picha halafu nyie wachoraji mtaongeza.

Picha nyingi za michoro mitandaoni ni nzuri kwa kutazama ila kwa kumbukumbu hazifai, mtu amesimama pembeni, ukuta umelala, jua la saa saba limeunguza nusu ya mchoro, na mbele kuna rafiki yake ameweka pozi. Kwa kumbukumbu simama katikati kabisa ya mchoro, simu iwe sambamba na ukuta, rudi nyuma hadi mchoro wote uingie kuliko kutumia ile lenzi pana ya simu maana inapinda kingo. Mwanga mzuri ni wa mawingu au wakati ukuta uko kivulini, kwa hiyo ukuta unaotazama mashariki upige mchana jua likishahamia nyuma yake, unaotazama magharibi upige asubuhi. Watu wanadhani jua kali ndio linaleta rangi, kumbe linaziua.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho kinasaidia sana, bandika karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya mchoro kabla hujapiga picha ya kwanza. Karatasi hiyo vipimo vyake vinajulikana dunia nzima, milimita 210 kwa 297, kwa hiyo hata miaka 30 ijayo mtu ataweza kukisia ukubwa wa mchoro, na kwa sababu ni nyeupe mtu akitaka kurekebisha rangi kwenye kompyuta anajua nyeupe ilikuwa wapi. Ukishapiga hiyo toa karatasi piga tena. Kisha sogea karibu, piga sahihi kama ipo, piga sehemu rangi imebanduka mpaka rangi ya chini inaonekana, piga pale brashi imepita na kuacha mistari. Mwisho vuka barabara upige nyumba nzima na majirani zake, mti, kibaraza, baiskeli zilizoegeshwa, maana mchoro ukiukata na mtaa wake haujulikani tena ulikuwa Tanga au Tabora.

Ukuta mrefu kama wa shule usiulazimishe uingie kwenye picha moja, tembea nao hatua kwa hatua upige vipande vinavyoingiliana kidogo, utaunganisha baadaye.

Mabango_ya_Zamani

Wanangu nawasalimu. Mimi nimeandika mabango hapa Tanga toka miaka ya themanini, mgongo umegoma sasa lakini mkono upo. Kijana wangu kaniwekea huu uzi nikausoma wote, nimeona niandike.

Swali lako Brashi jibu lake ni kwamba mchoraji anaujua mkono. Mpiga picha anaona herufi, mimi naona nani kaiandika. Kila fundi alikuwa na namna yake ya kuikunja S, yupo aliyekuwa anaanza na tumbo la chini, yupo aliyekuwa anaweka kivuli cha herufi upande wa kushoto siku zote hata kama jua la ukuta ule linatoka kushoto, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake. Na wanafunzi wake wote wakawa hivyo hivyo. Ukinipitisha leo barabara za Ngamiani nitakwambia huu ukuta ni wa fulani, huu ni wa mwanafunzi wake, huu kauanza fulani akamalizia mwingine maana herufi za mwisho zimebanana. Hizo habari hazimo kwenye picha yoyote, zimo vichwani mwetu na vichwa vyenyewe vinapungua.

Jambo la pili ni vifaa. Sisi tulikuwa tunapiga kamba ya chaki, watu wawili mmoja huku mmoja kule mnaivuta inakaza halafu mnaiachia inapiga mstari ulionyooka ukuta mzima, ndani yake unapanga herufi kwa penseli. Rangi ya mafuta unaikata kwa tina, ikikosekana unatia mafuta ya taa na hapo ukijua haitakaa. Kuna kuta zimebanduka mapema kwa sababu hiyo, na kuna kuta zimebanduka kwa sababu nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu na chumvi ya bahari, sasa ukiupaka rangi ya mafuta juu yake unyevu unakosa pa kutokea unasukuma rangi nje. Ndio unaona malengelenge yale yanavimba kisha yanabanduka. Anayeandika kumbukumbu aandike na hili, ukuta wa nini, rangi gani, kabla ya mvua za masika au baada.

Kuhusu tarehe msikate tamaa kama mwenye nyumba hakumbuki, ukuta wenyewe unasema. Kibao kilichochakaa chenye namba ya simu inayoanza na 0744 huenda kiliandikwa kabla namba hizo hazijageuzwa 0754. Ukikwangua ukaona Celtel chini yake unajua ni kabla ya 2008 maana mwaka huo ikawa Zain, na 2010 ikawa Airtel. Kuta za shule zenye ramani ya Tanzania tazama mikoa, kama hakuna Geita na Njombe basi ilichorwa kabla ya 2012, kama zipo hizo lakini Songwe haipo ni kabla ya 2016. Mchoraji aliyewahi kuchora hizo ramani anaona mara moja, maana sisi ndio tulioitwa kwenda kuongeza mipaka.

Brashi_Makorora

Mzee wetu shikamoo. Yaani hapo kwenye ramani umenifungua kichwa, mimi mwenyewe nimeshaitwa kuongeza mikoa shule na sikuwahi kufikiria kwamba ule ni ushahidi wa tarehe.

Pembeni_ya_Reli

Mimi nina mawazo tofauti kidogo na naomba mnisikilize maana nami napenda hizi kazi kama nyie. Sanaa ya mtaani uzuri wake ni kwamba haidumu. Aliyechora "Nyumba hii haiuzwi" hakuchora kwa ajili ya makumbusho, alikuwa anawaambia madalali wakae mbali. Aliyeandika "Usikojoe hapa faini elfu kumi" naye alikuwa na shida yake. Tukianza kuingiza kila kitu kwenye mafaili na ramani naogopa tutaleta watu wa nje watakaokuja na kamera zao, mtaa ugeuke kituo cha utalii, kodi za nyumba zipande, na wale wale waliokuwa wanachorewa kuta wahame. Tumeona miji mingine kuta zikishapata jina wenyeji ndio wa kwanza kuondoka. Hebu tufikirie hilo pia kabla hatujaanza kubandika lokesheni za kila kibaraza.

Mabango_ya_Zamani

Mwanangu Pembeni unasema kweli kuhusu faida kwenda kwingine. Ila usiseme aliyeandika "Nyumba hii haiuzwi" hakuwa na sanaa, baadhi ya herufi hizo nimeziandika mimi, na familia inayogombania nyumba ya marehemu inakuja kwako usiku inataka maneno hayo yaonekane kutoka ng'ambo ya barabara na yawe na heshima. Nilikuwa naweka nyekundu na kivuli cheusi. Nani ataandika kwamba kuta hizo zilikuwa na vita vya urithi ndani yake kama sio sisi?

Sheria_na_Brashi

Nimefurahi sana na huu mjadala. Naongezea upande wa haki maana naona haujaguswa.

Mchoro ukiwa barabarani haina maana hauna mwenyewe. Ukuta ni wa mwenye nyumba, mchoro hakimiliki yake inaanza kwa mchoraji, na picha ya mchoro ni kazi ya mpiga picha, vitu vitatu tofauti. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa jina, na haki za kiuchumi sheria hiyo iliziandikia maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo hata yule fundi aliyefariki miaka ya tisini warithi wake bado wana haki. Hii ndio sababu mnaopiga picha lazima muandike jina la mchoraji, na jina likikosekana andikeni "mchoraji hajajulikana bado", msiandike jina la mpiga picha peke yake kana kwamba yeye ndiye kafanya kazi yote.

Kuna mfano mmoja kutoka Marekani kila mchoraji wa kuta angeujua. New York eneo la Queens kulikuwa na jengo linaitwa 5Pointz, kuta zake zote zimechorwa kwa ruhusa ya mwenye jengo kwa miaka mingi. Novemba 2013 mwenye jengo akazipaka nyeupe usiku mmoja bila kuwapa wachoraji taarifa ya kutosha. Wakaenda mahakamani chini ya sheria ya kule ya 1990 inayolinda kazi za wasanii wa picha, na Februari 2018 jaji akaamuru wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.7 kwa kazi 45, rufaa nayo 2020 ikakubaliana naye. Sasa wale wachoraji hawakuingia mahakamani na maneno matupu, kila mmoja alikuwa na jalada lake, picha za kazi, historia yake, zilipotangazwa. Ukuta ulikuwa umeshakufa lakini jalada lilikuwa hai.

Sheria yetu si sawa na yao sisemi utalipwa mabilioni, nasema ukiwa na picha za kazi ikiwa inaendelea, karatasi ya makubaliano hata ya mkono na mwenye ukuta, na tarehe, una mahali pa kuanzia. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, ukienda kusajili kazi unaulizwa kazi yenyewe iko wapi, utawapeleka ukutani ambao umeshafutwa?

Na wewe Pembeni hofu yako ni ya msingi. Kwenye kumbukumbu kuna habari za kuweka wazi na habari za kufungia. Jina la mtaa linatosha kwa umma, mlango wa nyumba na jina la familia yanaweza kubaki kwenye daftari. Na mwenye nyumba akisema hataki basi hataki, hakuna kubishana.

Dada_wa_Sahare

Jamani mnaongelea kuta tu, na mitumbwi je? Nendeni pale Dipsii na huku kwetu Sahare muone majina ya ngalawa na majahazi yalivyoandikwa, maua, nyota, dua, mafumbo ya kumjibu mtu, na yanapakwa upya kila chombo kikipandishwa kukarabatiwa. Mimi nachora hina na nachora kuta za madrasa na chekechea, baadhi ya mafundi wa vyombo wanakuja kuomba nitoe ua la hina wao walikuze ubavuni mwa ngalawa. Ukiangalia vizuri ua lililo mkononi kwa bibi harusi na lililo kwenye chombo ni moja. Sijui kama kuna mtu ameliandika hilo popote.

Na wanawake tunaochora tupo, ila kazi zetu nyingi ziko ndani ya ua na vyumbani, mpiga picha mwanaume hafiki na wala hatakiwi kufika. Hapo mchoraji mwanamke ndiye pekee anayeweza kuandika kumbukumbu, kwa daftari na kwa kuinakili kwa mkono, hata bila picha.

Binti_Raskazone

Dada wa Sahare hapo umenena, kunakili kwa mkono nilikuwa nimekusahau kabisa kwenye hesabu zangu. Mahali kamera hairuhusiwi mchoro wa penseli unaruhusiwa mara nyingi ukiomba kwa adabu.

Mtu_wa_Bwaga

Salaam kutoka Bagamoyo. Nimesoma sanaa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wengi mnajua chuo kile kilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, kwa hiyo kuta za Bagamoyo zimepitiwa na vizazi vya wanafunzi, mmoja anachora wa mwaka unaofuata anachora juu yake. Tatizo letu ni hilo hilo la Tanga, ukuuliza nani alichora unaambiwa "wanafunzi". Wanafunzi gani?

Nilichojifunza ni kwamba kumbukumbu rahisi kuliko zote ni ile inayofanywa siku ya kazi na mchoraji mwenyewe. Ukishamaliza ukuta umeshachoka na huna hamu, kwa hiyo ifanye iwe sehemu ya kazi kama kuosha brashi. Piga ukuta ukiwa mtupu. Piga ukiwa na mistari ya penseli au chaki. Piga katikati, piga ukiisha. Hifadhi ule mchoro mdogo uliomwonyesha mteja, watu wanautupa na ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu unaonyesha mteja alikataa nini. Rekodi sauti yako kwa simu dakika mbili tatu, sema leo niko mahali fulani, nimechora hiki, aliyenituma alitaka hivi mimi nikataka vile, rangi nimetumia hii. Sauti haihitaji ujue kuandika vizuri wala Kiingereza. Na kwenye kona ya chini ya mchoro andika jina na mwaka, wachoraji wetu wengi wanaona haya kuweka sahihi ukutani wakati kwenye kanvasi wanaiweka kubwa.

Jingine, mchoraji anajua kazi inakuja kabla haijafika. Kule New York miaka ya sabini na themanini vijana walikuwa wanachora treni, na treni zenyewe zinasafishwa muda wowote. Henry Chalfant, ambaye kwa fani yake alikuwa mchongaji wa sanamu, alikuwa anasimama kwenye jukwaa la stesheni anapiga behewa vipande vipande kisha anaunganisha kuwa picha moja ndefu, kama alivyoelekeza Binti hapo juu. Lakini asingezipata zote peke yake. Wachoraji walimzoea wakawa wanampigia simu kumwambia jana usiku nimechora, itapita njia fulani, iwahi. Treni ya mwisho yenye michoro iliondolewa kwenye huduma Mei 1989, leo tunazijua kwa sababu ya simu hizo. Kwa hiyo Brashi kama wewe unajua saluni fulani inapakwa rangi wiki ijayo kwa sababu umeitwa wewe kuipaka, piga simu kabla hujafungua kopo. Sisi ndio tunaofuta kazi za wenzetu mara nyingi, tuwe angalau wa mwisho kuziandika.

Na mnakumbuka Edward Saidi Tingatinga aliwahi kufanya kazi mashamba ya mkonge huko huko mkoani Tanga kabla hajaenda Dar. Amechora kwa miaka minne tu hivi, kuanzia 1968 mpaka alipofariki 1972, na mpaka leo watu wanabishana picha ipi imetoka mkononi mwake na ipi si yake, kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa anaandika. Na hizo ni picha za ubao watu wamezibeba zikaenda Ulaya zikatunzwa. Sembuse ukuta.

Brashi_Makorora

Hapo uliposema sisi ndio tunaofuta kazi za wenzetu nimekaa kimya kwanza. Ni kweli tupu. Fundi ndiye anayeitwa kupaka.

Faili_na_Waya

Mimi si msanii ni fundi kompyuta pale karibu na Mkwakwani, lakini nimeshaona simu nyingi zimekufa na picha zake, kwa hiyo naomba niseme kuhusu utunzaji.

Msitumiane picha za kumbukumbu kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Inazibana zinakuwa ndogo, na inafuta taarifa zinazojificha ndani ya picha, ile saa na tarehe ya kupigwa na mahali kama uliwasha lokesheni. Ukitaka kutuma chagua ile njia ya kutuma kama dokumenti, picha inafika ilivyo. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja iwe mbali na nyumbani kwako, kwa ndugu au mtandaoni, maana mwizi akiingia habebi simu aache diski. Jina la faili lisibaki lile la namba namba la kamera, anza na mwaka, mwezi, siku, kisha mtaa, kisha jina la mchoraji. Yakipangwa hivyo kompyuta inayapanga yenyewe kwa tarehe.

Mahali pa kuweka hadharani kuna Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni, ni bure na mtu yeyote duniani anaweza kuziona. Ila wale wako makini na hakimiliki, mpiga picha akipandisha mchoro wa mtu mwingine bila ruhusa ya mchoraji picha inaweza kufutwa. Hapo ndipo mchoraji anahitajika, yeye akitoa ruhusa yake kwa leseni huria picha inakaa. Lakini mwenye kazi aelewe kwanza anachokubali, leseni zile zinaruhusu hata matumizi ya biashara na huwezi kuirudisha ukishaitoa. Asiyetaka asilazimishwe, kazi yake ikae kwenye mkusanyo wenu wa ndani.

Kwa upande wa ramani, OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inaruhusu kuweka alama ya kazi ya sanaa mahali ilipo, mtu yeyote anajiunga. Dar waliwahi kuitumia kwenye Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walikuwa wanachora mitaa yao wenyewe kwa ajili ya mafuriko, kwa hiyo si teknolojia ya kutuogopesha.

Pembeni_ya_Reli

Nimesoma yote. Hapo kwenye daftari la ndani na mwenye nyumba kuwa na neno la mwisho nimeridhika. Nikitafakari naona shida yangu haikuwa kumbukumbu, ilikuwa ni nani anaishika. Kama inashikwa na watu wa mtaa wenyewe niko tayari kusaidia, naifahamu mitaa ya Chumbageni nyumba kwa nyumba na wazee wengi wananijua. Ila naomba tuwe na ustaarabu, mtu asifike na simu imeshanyooshwa. Salamu kwanza, kaa barazani, eleza, ndio uombe.

Sheria_na_Brashi

Na mkiomba ruhusa mrekodi hiyo ruhusa kwa sauti, mtu ajitaje na aseme anakubali picha itumike wapi. Miaka 20 ijayo hakuna atakayekumbuka nani alikubali nini.

Brashi_Makorora

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimezungumza pembeni na Binti, na kijana wa mzee wetu, na Pembeni, tumekubaliana tuanze kidogo. Tutaanza na barabara mbili tu za Ngamiani tuzimalize, si mji mzima. Binti anapiga picha, Pembeni anatangulia kuongea na wenyeji na mwenyekiti wa mtaa, mimi naandika rangi, ukuta na kilicho chini yake, na mzee atapita nasi kututajia mikono. Dada wa Sahare amesema upande wa nyumba za ndani na vyombo ataanza mwenyewe na daftari lake. Tukishakuwa na kitu cha kuonyesha nitaenda pale Boma la zamani kwa watu wa makumbusho ya Urithi Tanga, wana picha za mji wa zamani ukutani, niwaulize kama wanaweza kutunza nakala moja. Hiyo ndio itakuwa ile nakala ya mbali aliyosema Faili.

Mzee wetu, je utaweza kutembea barabara mbili kwa siku moja au tuchukue bajaji?

Mabango_ya_Zamani

Bajaji haina haja, inapita haraka sitaona kitu. Tutatembea taratibu na pa kukaa vibarazani papo. Njooni Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda, mje na karatasi kubwa za manila na kalamu nene. Nataka kila mkono nitakaoutaja niwaandikie hapo hapo herufi zake, S yake, R yake na namna alivyokuwa anaweka kivuli, mkabandike pamoja na picha za kuta zake. Wapo mafundi ambao sasa hivi ukuta wao hata mmoja haujabaki, lakini S yao naijua.

Binti_Raskazone

Manila naleta mimi mzee. Nyeupe au zenye rangi?

Mabango_ya_Zamani

Nyeupe mwanangu, na mkaa mmoja au miwili wa kuchorea, kalamu nene haioneshi uzito wa mkono.